Kitabu kipo, tunakiita kwa jina lisilo lake

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Tanga aliandika kwa uchungu kwamba vitabu vya zamani vya Kiswahili vimepotea, na anayevitaka leo hana pa kwenda ila kuwauliza wazee, na wazee nao wanaondoka. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hayo hayo mpaka mwaka juzi. Naomba nafasi nimjibu, na nitajitahidi kufupisha, ingawa wanaonijua hapa Bagamoyo watacheka wakiisoma ahadi hiyo.

Nina steshenari ndogo Magomeni, si mbali na stendi. Natoa kopi, naprinti, nawajazia vijana fomu za mkopo wa chuo, naandika barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi. Zamani, kabla sijaolewa, nilifanya kibarua cha mwaka mmoja na nusu katika maktaba moja ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kadi za katalogi. Waliozaliwa juzi hawazijui: vipande vya karatasi ngumu, sentimita 12.5 kwa 7.5, vina tundu chini, vimepangwa kwenye droo na kupitishiwa ufito wa chuma ili mtu asizichomoe akaondoka nazo. Kila kitabu kilikuwa na kadi 3 au zaidi: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja kwa kila mada. Ukikosea herufi moja kwenye kadi, kitabu kimekwenda. Kipo rafuni, kinapanguswa vumbi kila Jumamosi, lakini hakuna atakayekiona.

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Aliyekuja kunikumbusha ni mzee mmoja wa Dunda.

Aliingia dukani na bahasha ya khaki isiyo na kitu ndani. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, akakaa. Akasema mjukuu wake anaolewa, na upande wa bwana harusi wameanza kubishana kuhusu mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, wanasema hayo mambo yamepitwa na wakati na wala hayakuwa desturi ya Mrima, yaani pwani yetu hii. Yeye alikumbuka marehemu baba yake akisimulia kwamba desturi zote hizo ziliandikwa kitabuni enzi za Mjerumani, na mwandishi wake ni mtu wa Bagamoyo hii hii, Mtoro bin Mwinyi Bakari. "Nitolee kopi ya kitabu hicho," akaniambia, kana kwamba kiko nyuma ya mashine.

Nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu, nikapitia maktaba moja. Kijana wa mezani alikuwa na adabu, sina lawama naye. Akaandika kwenye kompyuta "Desturi za Waswahili", skrini ikajibu sifuri. Akaandika "Mtoro". Sifuri. "Haipo, mama." Nikarudi na daladala la jioni nikimwonea huruma babu, na nikamwambia kitabu chake kimepotea. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa bahari imehamishwa.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikachukua simu. Mwanangu mmoja anayesoma chuo aliwahi kunionyesha WorldCat, katalogi inayokusanya orodha za maelfu ya maktaba za nchi nyingi. Inaendeshwa na shirika la OCLC la Marekani, lililoanzishwa jimbo la Ohio mwaka 1967 ili vyuo vya huko viache kuandika kadi zile zile kila kimoja peke yake. Kuitafuta ni bure na haili bando, maana ni maandishi matupu. Nikaandika neno moja tu, Mtoro. Kikatokea kitabu cha Kiingereza, tafsiri ya J.W.T. Allen iliyochapwa na chuo kikuu cha California mwaka 1981. Nikafungua kadi yake ndefu, ile yenye maelezo yote, nikaisoma kama nilivyokuwa nikizisoma zile za karatasi kabla ya kuzipeleka kwenye droo. Humo nikakutana na jina Velten.

Nikaandika Velten. Kikaja. Göttingen, 1903: Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli.

Mhariri, nilicheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akaamka. Wa-su-a-he-li! Carl Velten alikuwa Mjerumani, akaandika neno kwa masikio ya Kijerumani, na "habari" akaiandika khabari, na "sheria" akaiwekea alama katikati. Kompyuta haijui kwamba Wasuaheli ndio sisi. Ukiiandikia Waswahili, inakujibu kwa uaminifu wote kwamba hao haiwajui. Na kwa kuwa jalada la kitabu lilibeba jina la Velten kama mhariri, katalogi nyingi zimekiweka chini yake yeye. Mtoro, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, hayumo. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani mwaka 1905, wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam, akageuza, akafia Berlin mwaka 1927. Kurudi kwake kulizuiwa bandarini, na jina lake limezuiwa kwenye kadi. Nisamehe, hilo linanikera kila nikilifikiria.

Hata pale wanapomtaja, wanamtaja ovyo. Nilipokuwa kibarua, sheria ilikuwa jina la mwisho litangulie: Bakari, Mtoro bin Mwinyi. Nilimwuliza mkubwa wangu, huyu Bakari ni nani? Ni baba yake. Basi mbona kitabu kimeandikiwa baba? Na "Mwinyi" ni heshima ya huyo baba, inakwenda na jina lake. Nyinyi mmeikata mkaibakiza kwa mtoto, baba mmemvua kilemba. Akaniambia nipige chapa, nisimfundishe kazi. Lakini mpaka leo kwenye katalogi za ulaya na Marekani mtu wa pwani anaweza kukutwa kwa namna tatu au nne, jina likiwa limenyooka, limepinduliwa, bin ikiwa imeandikwa ibn, au Mwinyi ikiwa Mwenyi. Kwa hiyo usiandike jina zima. Chagua kipande kimoja kisicho cha kawaida. Bakari wako elfu; Mtoro ni wachache.

Sasa nimgeukie ndugu yangu wa Tanga, maana alimtaja Hemedi bin Abdallah el Buhriy na utenzi wake wa vita vya Wadachi (ndio Wajerumani) kutamalaki Mrima, akasema ameutafuta mtandaoni asiuone. Naomba ajaribu tena. Aandike Buhriy, kisha Buhry, kisha Buhri. Hemedi, kisha Hemed, kisha Hamed. Halafu aache jina kabisa aandike kutamalaki, neno ambalo sidhani kama vitabu vingi vinalo kwenye jalada. Allen huyo huyo aliutafsiri na ulichapwa miaka ya 1950, kwa hiyo akiandika Allen pamoja na utenzi atafika pia. Na ajue jambo jingine: mwaka 1970 Allen alichapisha huko Leiden katalogi nzima ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, iliyo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi ya karatasi, kitabu kamili, inayosema kila mswada ni upi. Ndugu yangu analilia vilivyopotea, na orodha yake ilishapigwa chapa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Kuna mtego mmoja ambao sijamsikia mtu akiueleza, na ndio unaotukamata sisi zaidi ya wengine. Katalogi nyingi zinakuruhusu kuandika nusu ya neno halafu kuweka nyota, ile alama ya kuzidisha, ili kompyuta ijaze mwisho wenyewe. Ukiandika sua na nyota, utapata Suaheli. Vizuri. Lakini waliobuni ujanja huo walikuwa na lugha zao, ambazo neno hubadilika mkiani. Letu linabadilika kichwani! Mswahili, Waswahili, Kiswahili, Uswahili: kwa kompyuta hayo ni maneno manne yasiyojuana. Kitabu na vitabu hawana undugu. Utenzi na tenzi ni watu baki, na utendi na tendi ni wengine tena, wa Lamu. Nyota ya mwisho haitusaidii hapo, na katalogi nyingi hazikubali nyota mwanzoni. Dawa yake ni kuandika yote, ukiyatenganisha na neno OR kwa herufi kubwa: utenzi OR tenzi OR utendi OR tendi. Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza orodha ilirefuka mara tatu, na nikatamani ningewaita wale wanafunzi wa Chuo cha Sanaa wanaokuja dukani kila muhula wakisema mwalimu amewapa mada "isiyo na vitabu".

Hao wanafunzi nimewafundisha njia moja tu, na inawatosha. Shika kitabu kimoja. Kimoja tu, hata kama ni cha Kiingereza na hutaki kukisoma. Fungua kadi yake kamili, shuka chini mpaka kwenye mada, na ubonyeze. Wakutubi wa Marekani wamewekea vitabu vinavyotuhusu mada inayoitwa Swahili-speaking peoples. Nani angeliotea jina hilo? Mwenyewe unajiita Mswahili. Wao wanakuita watu wanaozungumza Kiswahili. Lakini ukishalibonyeza, vitabu vyote walivyoviweka chini ya mada hiyo vinakuja kwa safu kama dagaa kwenye wavu, vya Kijerumani, vya Kifaransa, vya kwetu. Na ukiingia maktaba ya hapa nchini inayopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, nenda rafu yenye namba 896.392, hiyo ni fasihi ya Kiswahili. Lugha yenyewe iko 496.392. Namba haina tahajia, haikosei Wasuaheli na Waswahili.

Kwa vitabu vya mjini kwetu kuna nyongeza. Usiandike Bagamoyo tu, andika na Bagamojo, Wajerumani waliupenda mwandiko huo. Kamusi ya Padri Sacleux, aliyekuwa misheni hapa Bagamoyo, ilichapwa Paris mwaka 1939, basi tafuta kwa Kifaransa. Na vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Dar es Salaam miaka ya 1970, vile vya karatasi ya manjano ambavyo hata mchapishaji hana nakala, vitafute katika katalogi ya Library of Congress ya Washington. Wana ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, kazi yake ni kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki. Wamenunua hadi vijitabu ambavyo sisi tulifungia maandazi.

Hapo ndipo ninapokubaliana na msomaji wa Tanga, na hasira yake naichukua nusu. Kukiona kitabu kwenye katalogi hakukupi kitabu. Siku ile WorldCat iliniuliza niko wapi ili inionyeshe maktaba ya karibu yenye kitabu cha Velten, na iliyotangulia kwenye orodha ilikuwa ng'ambo. Karibu! Hata hivyo jibu hilo si kamili. WorldCat inazijua maktaba zilizoipelekea orodha zao. Ambayo haikupeleka, kwake haipo duniani. Kwa hiyo labda kitabu kiko umbali wa daladala mbili, kwenye kabati la vioo, na kadi yake iko kwenye droo niliyoipiga chapa mimi.

Nilirudi kwenye maktaba ile ya Dar es Salaam, safari hii makusudi. Nikamwomba kijana yule yule aandike Wasuaheli. Akaniangalia, akaandika. Kikatokea kimoja. Si cha Mtoro, lilikuwa toleo jingine la Velten, habari za safari, la mwaka 1901, limeandikwa kwa tahajia hiyo hiyo. Tulikaa naye kimya kidogo. Halafu akaniuliza, taratibu, kuna maneno mangapi mengine ya namna hii. Nikampa orodha niliyoiandika nyuma ya risiti: Suaheli, khabari, Bagamojo, na Deutsch-Ostafrika, jina la koloni kwa Kijerumani. Akaibandika pembeni ya skrini. Naamini bado ipo.

Cha Mtoro tulikipata kwa njia nyingine. Baadhi ya katalogi za nje zimeweka kiungo pembeni mwa kadi kwa vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha. Ukibonyeza unasoma kurasa zilizoskaniwa. Nilipobonyeza mara ya kwanza nikajikuta kwenye Kijerumani kitupu, nikadhani nimekosea. Sikukosea, Velten alitoa vitabu viwili mwaka ule ule, kimoja maneno ya Kiswahili na kingine tafsiri yake, na majina yamefanana kwa maana. Anayetafuta asome jina la kitabu mpaka mwisho kabla hajamaliza bando lake kupakua.

Sasa maktaba zetu. Najua nitakachojibiwa: fedha. Naomba tuhesabu, maana mimi ni mtu wa kuuza karatasi, hesabu ndogo ndogo naziweza. Programu ya katalogi ipo ya bure. Inaitwa Koha, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za wilaya moja huko New Zealand mwaka 1999, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Inatumika sasa na maktaba nyingi duniani, za Afrika zikiwemo. Kinachobaki ni mtu wa kukaa na droo na kuandika. Kadi moja, nikiwa sijachoka, inanichukua dakika 4. Hizo ni kadi 15 kwa saa. Maktaba yenye vitabu 3,000 ni saa 200, au siku 50 kwa mtu anayefanya kazi saa 4 kwa siku. Yaani kabla mvua za masika hazijaisha mmekwisha. Kompyuta iliyotumika, umeme, na mtu mmoja anayejua kwamba Mwinyi ni heshima ya baba.

Na mwandishi huyo asiandike kwa Kiingereza tu kwa sababu kadi ya Washington imefanya hivyo. Kwenye Koha mada unaweza kuziandika kwa Kiswahili: harusi, mkaja, jando, unyago, ngoma, uvuvi. Mwaka ujao mtoto wa darasa la saba wa Kaole aandike unyago kwenye simu ya mama yake, apate jibu.

Wengine watasema mtandao hautegemeki. Kweli hautegemeki. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia British Library ya London, katalogi yake ikafungwa, watu hawakuweza kuitafuta mpaka Januari 2024. Kwa hiyo droo msizichome moto. Mimi kila kadi ninayoipata naiandika kwenye daftari la mistari: jina la kitabu kwa tahajia yake mbovu, mwaka, mji, na maktaba iliyonacho. Daftari hilo liko juu ya mashine ya kopi, anayetaka aje alione. Na kama kuna maktaba yoyote wilayani hapa, ya shule, ya msikiti, ya misheni, yenye droo za kadi na haina wa kuziandika, nafunga duka saa 10 jioni siku za Jumanne na Alhamisi. Nitakuja. Malipo yangu ni nauli ya bodaboda na chai isiwe ya rangi.

Babu wa Dunda naye, harusi ilishapita. Mkaja ulilipwa kwa makadirio, kila upande ukiamini umedhulumiwa. Nilidhani hatakitaka tena kitabu. Akaja Ijumaa baada ya sala, na ile bahasha ya khaki, akaomba kurasa za mwanzo kumi. Sasa anakuja kila Ijumaa. Anasoma akiwa amesimama palepale kaunta, kwa sauti, na akifika penye "Wasuaheli" ananyanyua miwani anaangalia wateja wengine, anarudia neno hilo mara mbili, halafu anaomba kurasa kumi nyingine. Tumefika sura ya ndoa wiki iliyopita. Amenikataza kumprintia mkwe wake.

Wako,
Mwenye steshenari,
Magomeni, Bagamoyo
(jina nimelihifadhi, dukani wanalijua)